Heko kwa Wakili, Binti wa Celia

Uwakili ni kazi ya kupongezwa pale inapofanywa kama alivyoifanya Ruth Bader Ginsburg. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933, katika familia ya Kiyahudi isiyo na mali. Mama yake, Celia, alikuwa hodari wa masomo, lakini ujira wake wa kiwanda cha nguo ulikwenda kumsomesha kaka yake chuo kikuu. Ndiye aliyempeleka binti yake maktaba. Alifariki mwaka 1950, siku moja kabla ya mahafali ya Ruth ya sekondari. Msibani nyumba ilijaa wanawake, ila sala ya kuomboleza ilihitaji wanaume kumi, na wanawake hao hawakuhesabiwa. Uchungu huo haukumwondoa Ruth kwenye mafundisho ya Kiyahudi: alipokuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, amri ya Torati ya kuifuatia haki ilitundikwa ofisini mwake kwa Kiebrania.

Kesi ninayoienzi kuliko zote ni ya 1975, alipokuwa bado wakili. Alimtetea mgane aliyeachiwa kichanga, akanyimwa mafao ambayo sheria iliwapa akina mama wajane tu. Majaji wote wanane waliosikiliza walimpa ushindi, na baba yule akapata kumlea mwanawe.