Nyumba yenye akili, na samaki wa Bibi Arpel

Siku hizi, wasomaji wapendwa, kuna taa inayowaka ukiiamuru kwa mdomo, mlango unaofunguliwa kwa simu, na jicho la kioo langoni linalomwonyesha mwenye nyumba, hata akiwa safarini, ni nani apigaye hodi. Nyumba iliyojaa vitu hivyo yaitwa nyumba yenye akili. Baba wa jamaa aliyejiwekea akiba huuliza: Nianze kununua kipi? Sisi twamjibu: Tazama kwanza sinema moja ya zamani, ndipo uende dukani.

Sinema hiyo ni Mon Oncle, ya Mfaransa Jacques Tati. Ilitoka mwaka 1958, ikapata tuzo ya pekee ya majaji huko Cannes; na mwaka 1959 Wamarekani wakaipa Oscar kama sinema bora ya lugha ya kigeni. Jina lake Wafaransa hulisema bila kupambanua baba mdogo na mjomba. Sisi twapambanua: huyu ni mjomba hasa, ndugu wa mama, naye ni Bwana Hulot, mtu asiye na kazi wala mke, anayechezwa na Tati mwenyewe.

Dada yake ameolewa na Bwana Arpel, mkubwa wa kiwanda cha mabomba ya plastiki. Nyumba yao ni mpya, nyeupe, na karibu kila kitu chaendeshwa kwa umeme. Jikoni makabati yafunguka yenyewe, na nyama yageuka bila kuguswa. Wana mtoto mmoja, Gérard. Katika nyumba hiyo yote hana kitu cha kuchezea roho yake ikatulia.

Bustanini yuko samaki mkubwa anayerusha maji juu. Kengele ya lango ikilia, Bibi Arpel hukimbilia kifungo, samaki atema maji. Akiona aliyeingia ni ndugu yake tu, maji huzimwa. Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni aja, wala mwenyeji haponi, kwa maana samaki ni wa kuonyeshwa watu wakubwa. Hatujui picha nyingine iliyosema kosa hili kwa maneno machache hivi. Tena bibi huyu, mwenye mashini za kila namna, hashindi bila kitambaa mkononi: apangusa vumbi asubuhi, apangusa hata motokari ya mumewe ikitoka. Mashini hazikumpa pumziko; zimempa vitu vingine vya kupangusa.

Halafu kuna mlango wa nyumba ya motokari. Ni zawadi ya siku ya ukumbusho wa ndoa yao, nao wafuata jicho la umeme. Mume na mke wako ndani, mbwa wao mdogo apita mbele ya jicho, mlango wajifunga. Wamwita mtumishi wa kike apite naye, ili ufunguke. Lakini yeye aogopa umeme. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza. Mlango ulipangwa kwa ajili ya watu wawili; aliyetakiwa kuwaokoa ni yule ambaye hakuna aliyemfundisha.

Hata hivyo, yatupasa kusema pia kasoro ya Tati. Mtaa wa zamani anakokaa Hulot waonyeshwa kama mahali pa furaha tupu. Yuko mfagiaji ambaye kila mara aacha ufagio apate kuongea. Twampenda, lakini taka zabaki chini. Mama anayepanda kilima cha Bukavu na bidoni ya maji kichwani hatacheka pamoja na Tati juu ya bomba na kifungo. Apunguziwe mzigo, naye atashukuru. Kumbe ubaya si mashini. Ubaya ni kuipanga nyumba kwa ajili ya macho ya jirani. Tati alijua hayo, ila hakumpa mama mchovu nafasi ya kusema.

Basi anayetaka kupanga nyumba ya namna hii aketi kwanza na jamaa yake yote. Waulizane: Nani hapa achoka kuliko wote, na kitu gani kitampunguzia uchovu? Umeme ukikatika, kama tulivyozoea, mlango utafunguliwa kwa ufunguo gani? Bibi yetu mzee na mtumishi, je, watajua kuwasha taa? Na jicho lile la langoni, nani mwingine aliye mbali aweza kutazama kwalo?

Mwisho wa sinema ndio uliotugusa. Watoto wa mtaani walikuwa na mchezo wa kupiga mluzi, ili mpita njia ageuke, ajigonge kwenye nguzo. Hulot apelekwa mbali. Baba na mwana wamsindikiza hadi uwanja wa ndege. Bwana Arpel apiga mluzi amwite shemeji yake, mtu mwingine ageuka, ajigonga. Baba ajificha pamoja na mwanawe, naye Gérard amshika mkono. Mkono huo haukuhitaji kifungo. Nyumba itakayowaachia baba na mama nafasi ya kushikwa hivyo, hata ikiwa na taa moja tu, hiyo twaiita nyumba yenye akili.