MGB: injini inayopumulia kwenye kabureta

Ukifungua boneti ya MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, macho hukimbilia kabureta zake mbili za SU. Mimi huanza na mpira mnene wenye umbo la Y unaotoka ubavuni mwa injini na kuingia kwenye kabureta hizo.

Hakuna injini isiyopitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni. Gesi hiyo ikikosa njia, shinikizo hupanda ndani ya injini na oili huvuja penye gaskiti na sili. MGB za mwanzo zilikuwa na bomba lililomwaga gesi hiyo barabarani. Mwaka 1964 ikaja valvu ya kampuni ya Smiths juu ya manifoldi, ili gesi ivutwe kurudi ndani ya injini. Ilifaa, ila kiwambo chake cha mpira kikitoboka, injini huvuta hewa isiyotakiwa na sailensa huyumba.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 valvu ikaondolewa. Pistoni ya kabureta ya SU hupanda na kushuka kwa kufuata hewa inayopita, kwa hiyo mvuto kati yake na kibamba cha akseleta haubadiliki sana, gari liwe limesimama kwenye taa au linapanda mlima. Mpira wa Y ukachomekwa hapo hapo. Mvuto mdogo, wa kudumu, bila kiwambo cha kutoboka: sijaona suluhisho nadhifu zaidi kwenye gari hili. Anayeung'oa na kuweka kichujio kidogo kinachong'aa anaupoteza mvuto huo, kisha analalamikia oili sakafuni.

Njia ya petroli ina hatari yake. Pampu iko nyuma. Bomba la chuma hupita chini ya bodi hadi mbele, na mpira hutumika mwishoni tu. Tatizo ni kwamba kabureta na eksozi ziko upande mmoja, petroli juu, moto chini, zikitenganishwa na bamba la kukinga joto. Ndiyo maana vibomba vya kumwaga petroli iliyofurika huteremshwa hadi chini kabisa. Vikikosekana, boya likikwama, petroli hudondokea eksozi.

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hula mipira ya zamani kutoka ndani. Ukinunua MGB, badilisha mipira yote ya petroli kwa ile inayostahimili ethanoli, yenye alama ya R9, kabla hujafikiria rangi.