Shahada Isiyovundikwa: Jinsi ya Kupima Mafunzo ya Ushauri Nasaha ya Seminari

Asubuhi lori linapopakiwa pale Mitunguu, huku Meru, mtazame mnunuzi wa ndizi. Anachagua ndizi moja katikati ya mkungu, anaipapasa kingo kwa kidole gumba, halafu anatikisa kichwa au anataja bei. Rangi haimshughulishi kwa sababu zote ni kijani. Kingo zikiwa kali, ndizi haijakomaa. Ivundike upendavyo, itageuka njano kwa nje na kubaki ngumu kwa ndani. Kingo zikiwa zimejaa na kuviringika, itaiva vizuri hata ikifika Nairobi kesho kutwa.

Nami nina kazi ya kupapasa kingo. Niko kwenye kamati ya kanisa inayotoa barua za mapendekezo, na mara mojamoja karo, kwa wanaotaka kusomea uzamili wa ushauri nasaha wa Kikristo. Wanakuja na vipeperushi: jengo jipya, wahitimu wenye majoho, orodha ya masomo yenye majina mazito. Hiyo ndiyo rangi. Miaka kadhaa ya kusoma vipeperushi hivyo, na ya kuwaona waliorudi wakifanya kazi kati yetu, imenifunza kwamba mshauri huundwa na saa alizokaa na mtu mwenye shida huku mtu aliyemtangulia katika kazi hiyo akiikagua kazi yake. Chuo kikiwa na saa hizo, mengi mengine hurekebishika. Kikizikosa, hakuna somo litakaloziba pengo.

Anza na saa

Mwaka 1925 mchungaji Mmarekani aitwaye Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, aliwapeleka wanafunzi wachache wa theolojia kwenye hospitali ya namna hiyo huko Worcester, Massachusetts. Aliona kwamba mchungaji hufundishwa kusoma vitabu vingi bila kufundishwa kumsoma binadamu aliye mbele yake. Mbegu hiyo ilizaa mafunzo ya kichungaji ya hospitalini ambayo leo huko Marekani huhesabiwa kwa vipindi, kila kipindi saa 400. Nako huko, chombo kinachokagua shahada za uzamili za ushauri, CACREP, kinadai saa 100 za mazoezi ya awali na nyingine 600 za kazi yenyewe, ambapo saa 240 kati ya hizo 600 lazima ziwe za kuhudumia wateja moja kwa moja.

Hizo si sheria za Kenya. Zichukue kama pishi ya kupimia. Kisha mwulize mkuu wa idara: mwanafunzi wenu hukaa na wateja halisi saa ngapi, na wateja hao hutoka wapi? Jibu zuri lina tarakimu na lina mahali: wodi ya hospitali, gereza, shule ya bweni, kituo cha ushauri kilichofunguliwa kwa umma. Jibu la wasiwasi huzungukazunguka na kutua kwenye maigizo ya darasani. Maigizo yana kazi yake katika wiki za mwanzo, lakini mwanafunzi anayeigiza mjane hajafiwa, na kengele ikilia anacheka na kwenda kunywa chai.

Mtazame msimamizi kuliko mhadhiri

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo usipite haraka. Katika mafunzo mazuri mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mteja neno kwa neno, akibadilisha majina, na kuyapeleka kwa msimamizi. Omba ruhusa ya kukaa katika darasa moja la namna hiyo, au mwombe mhitimu akueleze lilivyokwenda. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kukaa katika darasa hilo atautambua:

Mjane: Tangu tumzike, shemeji zangu wamepanda migomba hadi mlangoni kwangu.

Mwanafunzi: Pole sana, mama. Mungu ni mume wa wajane. Hebu tuombe.

Mjane: Sawa, pasta.

Msimamizi goigoi atasifu kwamba mwanafunzi ametumia Maandiko, atauliza kama alimpa mama miadi ya pili, halafu ataweka alama. Msimamizi hodari atamsimamisha kwenye neno moja: mlangoni. "Ulilisikia? Ulihisi nini ulipolisikia? Maombi yale yalikuwa ya nani, ya mama huyu au ya hofu yako?" Atamwonyesha kwamba ile "sawa, pasta" ni mlango wa pili uliofungwa siku hiyo, na safari hii aliyeufunga ni mwanafunzi. Kisha atamwambia ajaribu tena, na mwanafunzi, baada ya kutoa jasho kidogo, atagundua kwamba angeweza kusema maneno mawili tu, "Hadi mlangoni?", halafu anyamaze. Maombi yangekuja baadaye, na yangekuwa na kitu cha kuombea.

Uwezo wa kunyamaza kwa wakati wake haupatikani kwa kusoma sura ya tano. Hupatikana kwa kukosea mbele ya mtu anayekujali, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana inafaa kuuliza msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, hukutana nao mara ngapi, na kama yeye mwenyewe bado anahudumia wateja au aliacha miaka kumi iliyopita. Uliza pia kama wanafunzi hutakiwa kupata ushauri wao wenyewe wakiwa masomoni. Mficha uchi hazai: mwanafunzi anayesahihisha mazungumzo yake yapendeze kabla ya kuyawasilisha hatazaa mshauri, na chuo kinachowapa alama za juu wanaowasilisha mazungumzo yasiyo na kasoro kinafundisha uongo.

Biblia na saikolojia: chuo kinasimama wapi?

Ubishi wa Biblia na saikolojia una umri. Fuller, seminari ya California, ilifungua shule ya saikolojia mwaka 1965. Miaka mitano baadaye, Jay Adams alichapisha kitabu, *Competent to Counsel*, akidai kwamba mchungaji aliyeshika Maandiko ana anachohitaji kushauri, na kwamba kanisa limeazima mno kwa wanasaikolojia. Kati ya ncha hizo mbili kuna njia nyingi, na vyuo vyetu vimetawanyika katika zote.

Sikupangii njia ya kufuata. Ninachotafuta ni chuo kinachojua kimesimama wapi na kinaweza kueleza kwa nini. Viko vya aina mbili vinavyonitia shaka. Cha kwanza huchukua mtaala wa kawaida wa saikolojia, kikaongeza ibada ya asubuhi na kuuita wa Kikristo. Cha pili humfundisha mwanafunzi kutafuta dhambi nyuma ya kila chozi.

Jaribio langu ni rahisi. Uliza: mama aliyejifungua majuzi hamnyonyeshi mtoto, halali, na anasema afadhali afe, mwanafunzi wenu atafanya nini? Jibu likiwa maombi peke yake, ondoka. Likiwa rufaa peke yake, uliza zaidi. Jibu lililokomaa litataja kumwuliza wazi kama anafikiria kujiua, kutomwacha peke yake, kumfikisha hospitali siku hiyohiyo, na kuendelea kumtembelea yeye na familia yake baada ya hapo. Sikiliza pia lugha. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mhadhiri ambaye bado anamzungumzia mtu wa namna hiyo kama mshtakiwa hajaisikia mahakama, na huenda hajamsikia mgonjwa.

Je, mtaala unaijua nyumba ya Mmeru?

Vitabu vingi vya ushauri vina viti viwili, mshauri na mteja, na dakika hamsini. Huku kwetu mteja huja na watu wasioonekana: baba mkubwa anayeshikilia shamba, mama mkwe, wazee waliokula mahari, wakati mwingine kesi iliyokwisha kupitia kwa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Mshauri anayemwambia mjane wetu "fanya linalokupa amani" amemrudisha kwenye migomba ileile.

Kuna pia uchawi, ambao wanafunzi wengi huambiwa tu wausahau. Masamba ma Mpolo, mwanatheolojia kutoka Kongo, aliufanyia kazi kwa miaka mingi: alijifunza kumsikiliza anayeamini amerogwa, akitafuta ugomvi wa familia ulio chini ya hofu hiyo, bila kumcheka na bila kumtafutia mchawi. Chuo cha Afrika Mashariki kisichokuwa na jina kama lake popote katika orodha ya vitabu kinamwandaa mshauri wa nchi nyingine.

Siri, na mwisho wa siri

Mitunguu ni ndogo. Mshauri wako ni pasta wako, labda pia ni mwanachama mwenzako wa chama cha akiba, na mkewe hununua mboga kwako. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kanisani Jumapili nikasikia jambo langu likihubiriwa. Jina halikutajwa, vichwa viligeuka hata hivyo. Mhubiri alikuwa na shahada ya ushauri.

Kwa hiyo uliza chuo kinafundisha nini kuhusu kumshauri mtu unayemjua kwa njia nyingine, madaftari ya wateja hufungiwa wapi, na nani ana ufunguo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na daftari la mshauri halikusamehewa. Uliza vilevile siri inaishia wapi. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri humweleza mteja tangu kikao cha kwanza kwamba mtoto akiwa hatarini au uhai wa mtu ukiwa ukingoni, hatanyamaza. Aliyefunzwa vibaya huahidi siri yote, kisha huvunja ahadi siku ngumu inapofika.

Karatasi, kwa kifupi

Karatasi ni muhimu, ila hukaguliwa haraka. Shahada iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha uliza wahitimu wanasajiliwaje chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa kuwa shahada pekee haimpi mtu leseni ya kuhudumu. Ukaguzi wa vyama vya vyuo vya theolojia, kama ACTEA iliyoundwa 1976, hupima zaidi theolojia. Ni jambo jema, lakini haushiki nafasi ya ule wa serikali.

Usiwe na haraka ya kuvutiwa na jina la chuo kikuu. Taasisi zetu kadhaa za kikanisa zimepanda ngazi hiyo: chuo cha theolojia cha Limuru, ambacho mizizi yake inarudi Freretown mwaka 1903, kilipata hati kama Chuo Kikuu cha St. Paul's mwaka 2007. NEGST, shule ya theolojia ya Nairobi iliyoanza 1983, ni sehemu ya Africa International University yenye hati tangu 2011. Na hapa Meru, KeMU, chuo kikuu cha Wamethodisti, kilipata hati yake 2006. Hati humwambia mzazi kwamba chuo kimekaguliwa. Haimwambii kama mwanafunzi wake ataketi na mjane au na mwanafunzi mwenzake aliyejifunga leso.

Mwisho, mtafute mhitimu

Mtafute aliyehitimu miaka mitatu iliyopita, si aliye kwenye kipeperushi. Usimwulize kama alipenda chuo. Mwulize ni lini mara ya mwisho alipeleka kazi yake kwa msimamizi. Akisema "mwezi uliopita", chuo kilimfundisha kwamba kazi hii haikomi kukaguliwa. Akicheka na kusema hayo aliyamaliza akiwa mwanafunzi, umepapasa kingo, na ni kali.

Nimeacha kusaini barua za mapendekezo kwa kutazama orodha ya masomo. Mwombaji aniletee kwanza mambo matatu kutoka chuoni: idadi ya saa za wateja, mahali zinapofanyika, na jina la atakayemsimamia. Chuo kisichoweza kuyaandika hayo kwenye nusu ukurasa hakistahili karo ya mtu aliyeuza ndizi zake kuipata.