Dakika ya 86: Mariga katika Msuko wa Inter

Mitaani Eastlands, Nairobi, msimu wa 2009/10 wa Inter Milan husimuliwa kwa kifupi: kijana wetu alitwaa Ligi ya Mabingwa. Ni kweli. McDonald Mariga, aliyesoma shule ya Kamukunji, ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika mashindano hayo. Lakini masimulizi hayo yanaitazama medali na kuupita mchezo. Tuusome msimu kama tamthilia, tuulize swali la fani: José Mourinho, kocha na mtunzi wake, alimpa Mariga nafasi gani jukwaani, na kwa nini?

Msuko umejengwa kwa takriri. Mei 2010 mataji matatu yaliamuliwa kwa mechi tatu: Kombe la Italia dhidi ya Roma tarehe 5, ligi kule Siena tarehe 16, na Ligi ya Mabingwa dhidi ya Bayern Munich mjini Madrid tarehe 22. Mabao yote ya Inter katika mechi hizo aliyafunga mtu mmoja, Diego Milito. Jina lake linarudi kama kiitikio, na kumbukumbu za wengi zimeganda hapo. Usiku wa Madrid Mariga alikuwa benchi hadi filimbi ya mwisho.

Anayemtafuta Mkenya kwenye kilele basi hatampata. Arudi nyuma hadi Aprili 28, Camp Nou, uwanja wa Barcelona, nusu fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa. Inter walikuja na ushindi wa 3-1 wa mechi ya kwanza. Nusu saa haijatimia, Thiago Motta wa Inter akaonyeshwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi, wote nyuma ya mpira. Samuel Eto'o, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa Ulaya na Barcelona hiyo hiyo, akawa anakaba pembeni kama beki. Dakika ya 84 Gerard Piqué akaifungia Barcelona. Bao moja zaidi na Inter wangetolewa. Dakika ya 86 Eto'o akatoka, Mariga akaingia.

Hapo ndipo mkono wa mtunzi unapoonekana waziwazi. Kwenye karatasi mshambuliaji ametoka, kiungo ameingia. Uwanjani hapakuwa na mshambuliaji wa kutoka: Eto'o alikuwa ameacha kushambulia zamani. Kazi ya ukabaji ilikabidhiwa mkabaji halisi, mtu mwenye kimo, miguu mirefu na mapafu mapya, katika dakika ambazo kosa moja lingefuta msimu mzima. Dakika za nyongeza Bojan wa Barcelona aliutia mpira wavuni, lakini mwamuzi alikuwa ameshaona mkono wa Yaya Touré. Inter wakapita kwa jumla ya 3-2.

Wapo wanaosema Mariga alikuwa pambo tu, kwa kuwa alicheza dakika chache. Lakini siku nne kabla ya Camp Nou alikuwa ameifunga Atalanta katika ligi, na tangu Machi alishakabidhiwa dakika za mwisho za ushindi wa 1-0 dhidi ya Chelsea, Stamford Bridge. Mhusika msaidizi hapimwi kwa wingi wa maneno yake. Hupimwa kwa uzito wa onyesho analoitiwa, na Mourinho alimwita pale taharuki ilipofika shingoni.

Kocha wa vijana pale Kamukunji anayetaka kuwafundisha viungo wake kwa msimu ule, ayaache mabao ya Milito kwanza. Awawekee dakika zile za mwisho za Barcelona, wamtazame Mariga hata asipokuwa na mpira.