Mahindi Yanapogeuka Asidi Tumboni mwa Ng'ombe

Mahindi ya masika yanapoanikwa kwenye maboma ya Magunga, chini ya vilima vya Gwassi, ng'ombe aliyekata kamba anaweza kumaliza debe zima kabla hajafukuzwa. Kesho yake hacheui, anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, anapepesuka. Ni rahisi kushuku kwamba ametiliwa sumu. Sumu ipo kweli, ila imetengenezwa na bakteria waliomo tumboni mwake.

Kuwanasa bakteria wa tumboni kulihitaji ufundi. Tumbo la kwanza la ng'ombe karibu halina oksijeni, na wakazi wake wengi hufa wakipigwa na hewa, kwa hiyo njia za kawaida za maabara ziliwakosa. Mmarekani Robert Hungate alipitisha gesi ya kaboni dioksidi juu ya shaba ya moto ili oksijeni iliyosalia inaswe na shaba, kisha akaielekeza gesi hiyo kwenye mirija ya kioo yenye chakula cha bakteria kilichoyeyushwa. Akaiziba na kuibiringisha kwenye maji baridi, chakula kikaganda kwa utando mwembamba ukutani. Kila bakteria aliota mahali pake, akahesabika.

Mwaka 1952 yeye na wenzake walieleza yaliyowapata kondoo waliolishwa nafaka au sukari nyingi kwa ghafla. Bakteria aitwaye Streptococcus bovis, ambaye kwa kawaida huwa mchache, alizaana kwa kasi na kumwaga asidi ya laktiki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tumbo lenye afya huwa na pH (kipimo kinachoshuka asidi inapozidi) kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 6, bakteria wanaomeng'enya nyasi na mabua huanza kulemewa. Ikikaribia 5, protozoa hufa na bakteria wapenda asidi hutawala. Ukuta wa tumbo huungua, maji huvutwa kutoka kwenye damu, na mnyama hukaukiwa huku tumbo lake likisukasuka maji.

Nafaka yenyewe haina hatia. Kosa ni haraka. Wapo bakteria wanaokula asidi ya laktiki, mmojawapo Megasphaera elsdenii, lakini huongezeka polepole. Ndiyo maana mfugaji makini huongeza unga wa mahindi kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, na hutanguliza nyasi kavu au mabua.

Hungate alifika pia Afrika Mashariki. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya uchachukaji tumboni mwa wanyama wa huku, wakiwemo zebu na swala, kwa hiyo ng'ombe wa aina inayofugwa Magunga ameingia katika elimu hii zamani.

Mnyama akishavimbiwa, daktari wa mifugo aitwe mapema. Baada ya kuituliza asidi, anaweza kumnywesha maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya aliyetoka kuchinjwa, yakiwa yamechujwa na bado yana joto. Yasikawizwe njiani: bakteria wanaohitajika ni walewale wasiostahimili hewa.