Silaha Zenye Majina, Watu Wasio na Majina: Uhakiki wa Usimulizi wa Kiswahili katika Filamu za Kumbukumbu za Vita Kuu

Ikisiri
Makala haya yanahakiki usimulizi wa Kiswahili unaoambatanishwa na filamu za kumbukumbu za Vita Kuu mbili katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Hoja kuu ni kwamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha hizo haina sauti, sarufi ya msimulizi ndiyo inayoamua nani aonekane mtendaji wa historia na nani abaki kuwa mandhari.

1.0 Utangulizi
Kamera za Vita ya Kwanza zilikuwa nzito, zilisimikwa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono. Hazikuweza kufuata mapigano ya porini. Kwa hiyo picha zilizosalia ni za gwaride, mazoezi ya shabaha, mzinga ukivushwa mtoni na msururu wa wapagazi wakipita. Zote ni kimya. Katika Vita ya Pili, Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kiliendelea kutengeneza filamu nyingi zisizo na sauti. Gari la sinema lilipofika kijijini, mfasiri alisimama kando ya skrini na kuwaeleza watazamaji kwa lugha yao. Utepe ulihifadhiwa, ilhali maneno ya mfasiri yalipotea usiku uleule. Pengo hilo ndilo msimulizi wa leo analojaza, na ndilo linalostahili kuhakikiwa.

2.0 Sarufi ya majeshi na sarufi ya askari
Tuchukue sentensi ya aina inayosikika mara kwa mara: “Mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kitega, na silaha zikapitishwa milimani.” Kihistoria haina kosa. Hata hivyo, majeshi “yaliingia” kama mafuriko yanavyoingia bondeni, na silaha “zikapitishwa” bila mpitishaji. Tuiandike upya: “Askari kutoka Kongo, wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji, waliingia Kitega, wapagazi walibeba silaha na vyakula vyao.” Tukio ni lilelile, ila sasa lina watu. Wengi wa walioingia walikuwa Waafrika wa Force Publique, na nyuma yao walikuwapo wapagazi ambao jumla yao katika kampeni nzima ya Wabelgiji ilizidi laki mbili.

Kiswahili chenyewe kinatoa nyenzo ya kusahihisha. Kwa umbo, nomino askari ingeweza kukaa na bunduki katika ngeli ya I-ZI, lakini lugha imekataa: tunasema askari yule, askari wale. Upatanisho wa kiumbe hai unamlazimisha msemaji amtambue mtu. Msimulizi anayekimbilia majeshi, vikosi na kauli ya kutendwa anakwepa sharti ambalo lugha yake imekwisha kumwekea.

3.0 Mzinga na waliouvuta
Mfano ulio wazi zaidi ni wa mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga hiyo ilitolewa majini na kutumiwa vitani nchi kavu. Mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Tunajua kipenyo cha mitutu yake, sentimita 10.5. Waliouvuta kwa kamba hawana kibao. Msimulizi anapotaja kipenyo na kunyamazia mikono iliyovuta, anarudia mpangilio wa thamani uliowekwa na aliyeshika kamera.

4.0 Msamiati wa walioshuhudia
Walioshuhudia walituachia maneno. Bombomu ni bunduki ya rashasha kama ilivyopokewa na sikio. Keya ni askari wa King’s African Rifles. Kariakoo ya Dar es Salaam, sawa na Kariokor ya Nairobi, inahifadhi jina la Kikosi cha Wapagazi, ambacho maelfu kwa maelfu ya watu wake walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Usimulizi unaoyapuuza maneno haya kwa kutafuta usanifu unapoteza ushahidi wa pekee ambao kamera haikuweza kuunasa.

5.0 Pingamizi
Yapo maoni kwamba msimulizi aseme kinachoonekana tu, asije akageuza kumbukumbu kuwa hadithi. Tahadhari hiyo ni ya haki: asiyejulikana jina asibuniwe jina. Lakini kuchagua kiima cha sentensi si kubuni. Mpagazi anaonekana kwenye picha. Anachokosa ni nafasi katika sentensi.

6.0 Hitimisho
Suala hili si la wanaisimu pekee. Gitega ilikua kuzunguka boma lililoanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, na katika mitaa kama Musinzira, kama ilivyo Muyinga, Kiswahili kinaishi pamoja na Kirundi. Kijana wa huko akionyeshwa filamu hizi, atajifunza kutoka kwa msimulizi iwapo wazee wake walipitiwa na vita au walivibeba mabegani. Tunapendekeza mambo matatu: usimulizi utungwe upya kwa Kiswahili badala ya kufasiriwa kutoka maelezo ya kikoloni, kauli ya kutendwa isitumike pale mtendaji anapoonekana, na masimulizi ya familia za Musinzira na Muyinga yarekodiwe na kuwekwa kando ya picha, yakitajwa wazi kuwa ni masimulizi. Pale ambapo hakuna linalojulikana, msimulizi anyamaze, na picha ibaki mbele ya mtazamaji muda wa kutosha ili nyuso zionekane.