Maktaba Isiyohifadhi

Mikusanyiko ya filamu ambayo makampuni ya intaneti huwaonyesha wateja kwa ada ya kila mwezi imekwisha kuzoeleka kuitwa maktaba. Neno hilo halifai kupokewa bila kupimwa. Kazi ya maktaba ni kuhifadhi; mikusanyiko hii, kwa sehemu kubwa, hukodiwa.

Historia ya Netflix yalidhihirisha jambo hili. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997, mwanzoni ilikodisha filamu za diski kwa njia ya posta. Sheria ya nchi hiyo humruhusu mwenye diski kuikodisha bila idhini ya mwenye hakimiliki. Hivyo kilichonunuliwa kilibaki ghalani. Ilipoanza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, ruhusa hiyo haikutosha tena, kwani sasa ilihitajika mikataba yenye muda maalumu. Mwaka 2008 kampuni ilipata filamu nyingi kwa mkataba na Starz. Mkataba ulipokwisha mwaka 2012, filamu hizo nazo zikaondoka. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kampuni kujitengenezea kazi zake. Dai hilo lina udhaifu. Disney ilianza kuonyesha tamthilia yake, Willow, mwaka 2022. Mwaka uliofuata, katika kupunguza gharama, iliiondoa. Umiliki, basi, si uhifadhi.

Suala hili linaigusa fasihi ya Kiafrika moja kwa moja. Mwaka 2023 Netflix, kwa ushirikiano na UNESCO, ilitoa filamu fupi sita zilizotokana na ngano za Kiafrika, miongoni mwazo Katope ya Tanzania na Anyango and the Ogre ya Kenya. Ni jambo la kusifiwa kwamba ngano zimepata hadhira mpya. Hata hivyo, mhakiki anayezichambua filamu hizo kwa fani na maudhui tu ameiacha nusu ya kazi. Yampasa pia aulize nakala imewekwa wapi, na nani ataweza kuiona ada isipolipwa.

Fanani akifa, ngano yake huendelea kwa kinywa cha aliyeisikia. Filamu iliyofungiwa haina kinywa kingine. Kwa sababu hiyo, kila mkataba wa kuigeuza ngano kuwa filamu ungepasa kudai nakala iwekwe katika nyaraka za taifa na vyuo vikuu. Hapo ndipo jina la maktaba litakapostahili.